Nyigu wa Yu Ngatirah

Mtu wa kitongoji chetu akikusifia kahawa, ionje kwanza mwenyewe. Huenda umetia chumvi badala ya sukari. Nimeishi nao tangu nilipoolewa, nimezaa nao na nimezika nao, na hilo moja bado halijanikaa. Mimi kwetu Madura, kisiwa cha ng'ambo, na kwetu jambo baya tunaliita baya hata kama tutatoana macho. Hapa Jawa, kwenye miteremko ya mlima Wilis, neno gumu huzungushwa, hupakwa sukari na hufungwa kwenye jani la mgomba, na mwisho wake halimfikii mwenyewe. Wao wanaita adabu. Siku hizi wageni wanakuja na magari kutazama vizimba vya Yu Ngatirah, nao wanasimuliwa hadithi nzuri, laini, isiyo na mfupa hata mmoja. Nataka kusema ilivyokuwa kabla watu hawajamsifu mpaka asitambulike.

Yu maana yake dada mkubwa, na kitongoji kizima humwita hivyo, hata waliomzidi umri, kama wanavyosema Pak kwa baba mtu na Bu kwa mama mtu, kwa heshima. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mama yao alipofariki alimwacha akiwa bado msichana, pamoja na mdogo wake wa kiume, Sareh, aliyekuwa bado ananyonya. Yu Ngatirah akamfunga ubavuni kwa kitambaa, akamlea kwa uji wa mchele na maziwa ya kuomba. Baadaye aliolewa, lakini mume akaenda Sumatra kwenye mashamba ya michikichi, akaoa huko, akatuma salamu. Mtoto hakupata. Mtoto wake alikuwa Sareh.

Naye Sareh alikuwa mpuliza dawa. Huku tunalima pilipili na kunde ndefu, zile zinazopanda mianzi na kuning'inia kama kamba, na mwenye shamba asiyetaka kupuliza mwenyewe humwita mtu wa bomba. Sareh alibeba bomba mgongoni tangu ujana. Dawa aliichanganya kwa mkono, akatia ncha ya kidole ulimini kuonja kama imekolea, kisha akawasha sigara yake ya karafuu na kuingia mistarini. Siku moja walimkuta amelala kati ya kunde, mate yanamtoka. Alipona. Daktari wa kituo cha afya hakuwa mtu wa hapa, nadhani, maana alizungumza kama watu wa kwetu.

"Bomba hili umelibeba kwa mara ya mwisho," alimwambia. "Ukilibeba tena usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa mwosha maiti."

Yu Ngatirah alikuwa amesimama mlangoni. Alimshukuru daktari, akaomba radhi kwa usumbufu, akampeleka mdogo wake nyumbani. Wiki hiyo hiyo akajiunga na shule ya shambani, ile iliyokuwa chini ya bati pale kwenye ghala, akifundisha Bu Wening, bibi shamba kijana aliyeletwa kutoka mjini. Hakwenda kwa kupenda elimu. Alikuwa anatafuta njia ya kulima kunde bila mtu wa bomba, basi.

Huko ndiko alikokutana na nyigu. Si hawa wanaokimbiza watu. Huyu ni mdogo kuliko punje ya ufuta na hana habari na binadamu. Anamtafuta kidukari, yule mdudu mweusi anayejazana kwenye machipukizi ya kunde na kuyanyonya hadi yanajikunja. Nyigu anakunja tumbo, anamdunga kidukari, anamwachia yai mwilini. Mtoto anaanguliwa humo humo, anamla mwenyeji wake kutoka ndani taratibu, mpaka kidukari anavimba, anakauka, anabaki ganda la rangi ya nyasi kavu. Ganda linatobolewa tundu, anatoka nyigu mpya. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilimwambia Yu Ngatirah, "Huyo si mdudu, huyo ni mkwe." Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Nyuma ya jiko lake alijenga vizimba vya mianzi na chandarua, ndani akapanda kunde kwenye makopo, akaweka vidukari na nyigu wa Bu Wening. Nyigu walipozaana aliwagawa kwenye vikombe vya plastiki vilivyofungwa kitambaa juu, kila mwenye shamba na kikombe chake. Ikawa kama mchezo. Misimu michache tu na machipukizi yote yakajaa maganda, mabomba yakatundikwa, na Sareh akawa mkata majani ya mbuzi wa watu. Hakuipenda kazi hiyo, alisema ni ya vitoto. Lakini alinenepa.

Huku kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye sahani, sahani inarudi na ndizi au tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa. Basi vikombe vya Yu Ngatirah navyo vilirudi na kitu, na watu waliona kinachofaa ni machipukizi ya kunde yenye maganda, ili vizimba vyake viendelee. Na kwa vile ni zawadi, mtu alichagua yaliyojaa vizuri. Nani angempelekea jirani chipukizi bovu? Yu Ngatirah alipokea kwa mikono miwili, akayaweka vizimbani. Kikombe kikaenda, kikombe kikarudi, na kila mtu akampa mwenzake kilicho kizuri.

Sasa mashambani mambo yakaanza kugeuka. Nyigu walifika, walidunga, na vidukari wakaendelea kunyonya kama hawakuguswa. Kwanza kwa mmoja, kisha kwa wengi. Kila mtu aliliona shambani mwake na kila mtu akanyamaza. Angeanzaje? Mwanamke wa watu ametoa jasho lake, hakuomba hata senti, umwambie nyigu wako hawana kazi? Pak Kasdi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima na ndiye mwenye kunde nyingi kuliko wote, mtu mwema kupita kiasi, tabasamu halimtoki hata akiwa na jino bovu. Nilimsikia kwa masikio yangu pale uani, akirudisha kikombe.

"Aa, Yu! Nyigu wako ni moto wa kuotea mbali. Tungefanyaje bila wewe?"

Nikaamini. Mimi sina shamba la kunde, nafuga kuku.

Nilikuja kujua kwa pua. Asubuhi moja napita nyuma ya kichaka cha mianzi, kando ya shamba la Pak Kasdi, nikanusa dawa. Nikatoka upande wa pili na kumkuta Sareh, bomba mgongoni, fulana imelowa hadi kiunoni.

"Sareh! Una wazimu?"

"Shh, Bu Suhriya! Sauti!"

"Ukitaka nishushe sauti, shusha bomba. Nani kakuita?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Pak Kasdi, Pak Wagino, wote tu, Bu. Nyigu wa Yu wamekwisha. Wanadunga, vidukari wanaona kama wamepigwa busu." Akacheka, kisha akaacha. "Watu watakula nini?"

"Na dada yako anajua?"

"Nani amwambie? Ataumia, Bu. Ameweka roho yake yote humo vyandaruani."

"Anayeumia ni wewe, mjinga wewe!"

"Napuliza kidogo kidogo. Naangalia upepo." Alijaribu kuwasha sigara, njiti ikawa inacheza mbele ya sigara na haiifikii. Nikamnyang'anya kiberiti nikamwashia, maana sikuweza kuangalia ile mikono.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Yu Ngatirah. Alikuwa anachambua majani makavu kizimbani.

"Yu, nyigu wako hawafanyi kazi. Watu wamerudia dawa na anayepuliza ni Sareh. Kitongoji kizima kinajua, isipokuwa wewe."

Hakugeuka. Alimaliza jani alilolishika. "Bu Suhriya umeshakunywa kahawa?"

"Sitaki kahawa."

"Keti kwanza."

Akanitilia kahawa na nikainywa, ikaniunguza ulimi, huku yeye ameketi mkabala nami na mikono mapajani. Sijawahi kunywa kahawa ndefu kama ile. Kisha akatwaa mtandio wake, akasema, "Twende."

Shambani kwa Pak Kasdi, upande ambao haujapulizwa, alichuchumaa mbele ya mche mmoja akatulia. Nyigu alikuja, akakunja tumbo, akadunga. Yu Ngatirah akatazama huku na huku kwenye mche ule, kisha ule mwingine. Vidukari weusi tii na ganda hakuna. Pak Kasdi akatokea na tabasamu lake.

"Aa, Yu! Mwaka huu nyigu ni wazuri sana."

"Pak, maganda yako wapi?"

"Yapo, Yu. Yapo." Akatazama miguu yake. "Upande ule."

Upande ule ni kipembe kimoja kando ya mfereji, miche michache tu. Hapo maganda yalikuwa tele, na machipukizi mengi yamekatwa ncha kwa kucha. Ndipo alipokuwa akichuma zawadi zake. Yu Ngatirah alizigusa zile ncha zilizokatwa, moja moja.

Bu Wening alipopigiwa simu alikuja, akachukua vidukari wa pande zote mbili, akawapeleka chuo kikuu. Majibu alituletea mwenyewe na pikipiki yake. Tuliketi jikoni, na Sareh pia, kwa kuwa dada yake hakumruhusu tena kutoka nje ya macho yake.

"Hawa wa kando ya mfereji ni vidukari wa kawaida," alisema. "Hawa wengine wana bakteria mwilini. Wanazaliwa nao, mama anampa mtoto. Nyigu akitaga, kunatoka sumu humo ndani, yai linakufa. Kidukari anaendelea na chakula chake."

"Nani kawatia hao bakteria?" Yu Ngatirah aliuliza.

"Hakuna aliyewatia, Yu. Wenye bakteria walikuwepo tangu mwanzo, ila wachache. Ulipoleta nyigu, wasio na kinga waliliwa. Waliobaki ndio hawa."

"Kwa hiyo nyigu wangu ndio waliowachagua."

Binti wa watu alimtazama machoni. "Ndiyo, Yu." Nilimpenda kuanzia pale.

"Na humu vizimbani," akaendelea, "umekuwa ukiletewa wale laini tu. Nyigu wako wamekulia kwenye mserereko. Wakifika shambani ndiyo wanakutana na wagumu kwa mara ya kwanza."

"Wakikutana nao wanafanyaje?"

"Wengi hawatambui kitu. Wanataga yai moja, linakufa, wanaenda zao. Lakini wapo nyigu ambao wataalamu wamewaona wakimdunga kidukari mgumu mara mbili, mayai mawili. Moja bakteria wanaliweza. Mawili, pengine mmoja anapona."

"Nikiwafungia na wagumu peke yao?"

"Watakufa wengi. Kizimba kitakuwa kama kitupu. Watakaopona watazaa, watoto wao watakuwa na nguvu kidogo, na wajukuu zaidi. Pengine."

"Pengine?"

"Sitaki kukudanganya, Yu. Pengine."

Jioni hiyo Yu Ngatirah alifanya jambo ambalo wenyeji bado hawalizungumzi. Alipita nyumba kwa nyumba, na wale watu wazima wenye heshima zao alizungumza nao ile lugha ya chini, isiyo na heshima, ambayo hapa mtu huwasemesha watoto na mbuzi. Nilifuatana naye. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia.

"Mlinidanganya," aliwaambia. "Sasa nileteeni machipukizi mabaya, yale mnayoyaonea haya. Na mningoje. Msipulize mpaka nyigu wangu wawe tayari. Sareh msimpigie simu. Daktari alishasema atakufa, na ninyi mnajua."

Kila mlango ukajibu, "Ndiyo, Yu. Tutangoja." Pak Kasdi alijibu hivyo huku ameweka mkono kifuani. Mimi wa Madura ningepaswa kujua. Huku "ndiyo" maana yake ni "nimekusikia".

Sareh naye aliahidi. Alikuwa amekonda tena, chakula kikimshinda, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akahamia vizimbani. Mtu aliyeua wadudu maisha yake yote, sasa ameweka kidevu mezani anamtazama nyigu mmoja tangu chai hadi chakula cha mchana.

"Yu, njoo uone! Huyu kasahau. Kamdunga yule yule tena!"

Dada yake alikuja akainama kando yake. "Hajasahau," alisema polepole, na akamshika bega. Nilikuwa mlangoni na bakuli la mayai. Niliondoka bila kuyatoa, maana nilihisi pale si pa mgeni.

Kizazi cha kwanza kilikuwa msiba. Nyigu walikufa wakajaa chini kama majivu, na maganda yaliyopatikana ungeyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Waliotoka humo walikuwa vijinyigu, wadogo na wavivu, na walichelewa kutoka kuliko kawaida. Yu Ngatirah akawarudisha kwa wagumu. Maganda yakaongezeka kidogo. Akawarudisha tena. Na kila mara Sareh ndiye aliyeyaona kwanza, akitangaza kwa sauti kama mtu wa sokoni, "Kavimba mwingine! Kavimba mwingine!"

Lakini kunde hazikungoja. Zilikuwa zimeanza kutoa maua na vidukari wakapanda hadi kwenye maua yenyewe. Pak Kasdi alipita uani kila asubuhi, akauliza hali ya Sareh, akasifu vizimba, akanywa kahawa. Hakusema hata mara moja, "Yu, sitaweza kungoja zaidi ya Ijumaa." Angelisema, wangetafuta njia. Wangewaponda vidukari kwa mikono, sote tungekwenda, hata mimi na maneno yangu. Hakusema. Alimpigia simu Sareh.

Na Sareh hakukataa. Kukataa angejifunzia wapi? Alimwambia dada yake anakwenda kukata majani ya mbuzi. Alichukua na mundu.

Alianguka katikati ya shamba. Walimfikisha hospitali ya wilaya kwa gari la mboga, akakaa usiku mmoja akipumua kwa mashine, na alfajiri akafariki. Yu Ngatirah aliniambia kwamba hakumwambia neno lolote la lawama, alimfuta mate tu. Nilitaka kulia, nikatukana. Ndivyo nilivyo.

Tulimzika asubuhi hiyo hiyo. Wanaume walikwenda makaburini na wanawake tukabaki kupika. Waliporudi, watu walijaa barazani kwenye mikeka, chai na karanga zikapitishwa, na Yu Ngatirah akaketi kati yao na mtandio mweupe, akipokea mkono wa kila mmoja. Mwenye msiba huku haondoki mbele ya wageni. Hata kwenda chooni huombewa radhi.

Aliinuka. Akaenda nyuma ya jiko na hakurudi upesi, nikamfuata. Vizimbani maganda yalikuwa yakitoboka, kizazi ambacho Sareh alikuwa amekitangaza ganda kwa ganda, na nyigu walikuwa wengi chandaruani kuliko tulivyowahi kuona. Alikuwa akiwatia vikombeni.

"Yu, wageni," nikamwambia. Mimi, nikamkumbusha adabu!

"Hawa wakikosa kidukari leo, kesho wamekufa."

Alipita barazani na sinia la vikombe, ameinamisha mgongo kwa heshima, akatoka. Minong'ono ikaanza. Shangazi yao mmoja akawaambia wageni kwa sauti ya asali, "Amekwenda kupumzika kidogo, amechoka."

"Hajaenda kupumzika," nikasema. "Amekwenda shambani kwa Pak Kasdi kuachia nyigu."

Hakuna aliyetafuna karanga tena. Pak Kasdi aliweka glasi yake chini, akainuka, na mimi nikamfuata kwa nyuma, maana sikumwamini hata na njia.

Nusu ya shamba ilikuwa imepulizwa, vidukari wamedondoka na majani yananuka. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi kwa wadudu. Mpakani kunde zilikuwa zimelala chini, mianzi imevunjika, pale alipoangukia. Yu Ngatirah alikuwa upande wa wadudu, amefungua kikombe cha kwanza. Nyigu walipanda ukingoni, wakasimama, wakaruka. Mmoja alitua kwenye chipukizi mbele yetu, akadunga, akazunguka, akamrudia yule yule akadunga tena.

Pak Kasdi alisafisha koo. "Wazuri sana, Yu. Wana nguvu. Mungu akipenda, hawajachelewa."

Yu Ngatirah alimgeukia. "Usiniambie hivyo, Kasdi." Bila Pak, bila chochote. "Sema ilivyo."

"Niseme nini, Yu?"

"Unajua."

Yule mzee alisimama pale na kofia yake ya msibani mkononi. Tabasamu lilikuja kwa mazoea, likamfia usoni. Nilidhani atakimbia.

"Wamechelewa," alisema. "Nilikuambia nitangoja, Yu. Sikungoja. Nilimpigia simu mimi."

"Ndiyo," alisema Yu Ngatirah, akafungua kikombe kilichofuata.